Msinionyeshe Picha: Mhadhara Juu ya Ndege na Dinosaria

Mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni. Nianze na picha, maana najua zimo kwenye simu zenu. Kila nikisema kwamba ndege ni dinosaria walio hai, lazima mtu anifuate na simu mkononi: "Mwalimu, mwone huyu, dinosaria mtupu!" Anakuwa korongo nyangumi, yule ndege wa kwenye mabwawa ya Malagarasi. Mdomo mpana wenye ncha iliyopinda, jicho halipepesi, amesimama kimya kwenye matete anamvizia kambaremamba. Anatisha, sikatai. Ila mmemchagua kwa sura, na sura ndiyo inayotupoteza. Kwa sura hiyohiyo mtu mzima ananiambia kenge ni dinosaria. Kenge!

Mwangalieni kenge anavyotembea. Miguu imetokea ubavuni, viwiko viko nje, mwili unapinda kushoto na kulia. Dinosaria hakuwa hivyo. Miguu yake iliteremka moja kwa moja chini ya nyonga, ikaubeba mwili juu. Sasa kamwangalieni kuku. Ningeweza kuishia hapo, lakini nimepewa dakika arobaini.

Kesho mkipita soko la Kisutu, nunueni kuku mzima, na mumwambie muuzaji asikate miguu. Najua, wengine mnasema sisi hununua kidari cha kwenye friji. Basi hamtajua kitu, maana kidari hakina habari.

Shika mguu. Vidole vitatu mbele, kimoja kidogo nyuma, kucha, na magamba yamepangana kwa mbele. Pale panapokunja kwenda nyuma, ambapo watoto wanasema kuku ana goti la kinyume, si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limejificha kwenye manyoya karibu na tumbo. Kwa hiyo kuku hakanyagi kwa unyayo, anatembea kwa vidole, kisigino kiko hewani maisha yake yote. Tyrannosaurus rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, alitembea hivyohivyo, kwa vidole vitatu. Mkimpata kuchi, yule jogoo mrefu anayesimama wima na kumtazama mwenye nyumba kwa dharau, mtaona mwendo wenyewe bila hata kuchinja.

Haya, njoo kwenye bawa. Likunjue lote. Bega, kiwiko, kifundo cha mkono, na kule kwenye ncha, ambako kwenye jiko la mkaa huwa panaungua kwanza, kuna vidole. Vitatu! Viwili vimeshikana, na kile cha mbele ni kimfupa kilichojitenga, mara nyingine kina ukucha mdogo kabisa. Pekua taratibu kwa kisu utauona. Kwa mbuni hupekui, kucha za bawani ni kubwa. Halafu kuna kile kimfupa cha umbo la V, kati ya shingo na kidari. Kenge hana. Mamba hana. Tyrannosaurus rex anacho.

Bado. Vunja mfupa wa juu wa bawa. Ndani ni mtupu, una hewa, na hewa hiyo inatokana na vifuko vilivyounganika na mapafu. Sasa twendeni Lindi. Lile jitu la kilima cha Tendaguru, dinosaria Giraffatitan, lililochimbwa na watu wetu kati ya mwaka 1909 na 1913, wachimbaji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandarini: pingili za shingo yake zina matundu ya hewa ya namna hiyohiyo. Shingo ile isingeinuka kama ingekuwa ya mfupa mzito usio na hewa. Leo limesimama Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Na habari ya lirudi Tanzania au lisirudi msinianzishie usiku huu, tutalala hapa.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Katika jumba lilelile la makumbusho, Berlin, kuna kipande cha jiwe chenye Archaeopteryx, ndege wa kale aliyechimbwa Bavaria miaka ya 1870. Ana manyoya, ana meno mdomoni, ana mkia mrefu wa mfupa, ana kucha kwenye mabawa. Umri wake ni kama miaka milioni 150, sawa na wa mifupa ya Tendaguru. Yaani jitu letu linachuma majani Lindi, na huko kwingine ndege ameshaanza kuruka. Wote wawili wako chini ya paa moja, na Watanzania wanaofika pale wanapiga picha na jitu, wanatoka.

Hapo ndipo huja yule bwana wa safu ya tatu: "Kwa hiyo kuku ni mjukuu wa Tyrannosaurus rex?" Hapana, na naomba hili liishe leo. Tyrannosaurus rex aliishi mwishoni kabisa, kama miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Ndege walishakuwapo zaidi ya miaka milioni 80 kabla yake. Mjukuu anamzidije babu umri? Ni binamu. Wote wametoka kwa dinosaria wa miguu miwili, theropodi, na Tendaguru palitoka mmoja wa kundi hilo pana, Elaphrosaurus, ambaye hakuna anayemtaja kwa kuwa si mkubwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na manyoya sijayagusa. Kwa kifupi: mwaka 1996 China walitangaza Sinosauropteryx, dinosaria asiyeruka, mwili una manyoya laini. Hoatzini wa Amerika Kusini, kifaranga wake hupanda matawi kwa kucha za mabawa, kamtafuteni. Ndege wetu karani tamba humpiga nyoka teke lenye nguvu mara 5 ya uzito wake mwenyewe. Huyo nilitaka kumzungumzia kwa kirefu, basi tena.

Maswali. Dada wa pale dirishani. Mamba? Mamba si dinosaria, ila kati ya walio hai leo hakuna aliye karibu na ndege kumzidi. Kwa ukoo yuko karibu na kuku kuliko na kenge. Moyo wake una vyumba vinne, na mama hulinda kiota na watoto. Ndiyo, nimesema kuku. Anayefuata.