Geuza Kioo Kabla ya Kujitazama

ZUHURA: Assalamu alaikum wasikilizaji wetu, karibuni. Mkisikia kitu kinagonga meza msishtuke, mwenzangu leo amekuja studio na kioo.

IDRISA: Waalaikum salaam, dada Zuhura. Nimekitoa dukani Mji Mkongwe asubuhi, nikakipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Niwaeleze wasiokiona: kimo chake dhiraa mbili kasoro kidogo, upana dhiraa moja. Fremu ni ya msaji, juu imechongwa maua na majani. Kioo chenyewe kimeanza kuingia weusi kwa chini.

ZUHURA: Umeshakilipia?

IDRISA: Bado. Mzee mwenye duka ananijua, kaniambia nenda kakae nacho mpaka kesho. Na mimi siku hizi kitu cha kale sikinunui kwa pupa. Sababu unaijua.

ZUHURA: Mimi naijua, wasikilizaji hawaijui. Wasimulie.

IDRISA: Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kioo ukumbini tangu mimi sijazaliwa. Pembeni kilishaliwa, kina madoadoa, ukijitazama unajiona kama uko nyuma ya moshi. Ikaja harusi ya dada yangu, nikaona aibu wageni wakikute vile. Nikakibeba kwa fundi vioo, nikamwambia king'oe kioo hiki, weka kipya. Siku ya pili kikarudi, fremu ile ile, ndani kioo cheupe kinang'aa. Bibi akakaa mbele yake kitambo, kisha akasema, "Hiki si changu." Nilirudi kwa fundi mbio. Kile cha zamani kilishapasuliwa na kutupwa.

ZUHURA: Pole sana. Na fundi hana kosa, kafanya alichoagizwa.

IDRISA: Kosa ni langu, na bado linaniuma. Bibi alivaa mbele ya kioo kile siku ya arusi yake mwenyewe. Sikumuuliza kabla.

ZUHURA: Ndiyo maana nilitaka tulizungumze hili leo. Watu wengi wakinunua kioo cha kale wanapenda fremu, halafu kioo wanakiona kama kitu cha kubadilisha, kama balbu. Mimi nasema kioo chenyewe ndicho cha kale. Fremu fundi wa nakshi hodari anaweza kukuchongea nyingine hata leo. Kioo kilichozeeka miaka tisini hakuna wa kukutengenezea. Haya, tukigeuze.

IDRISA: Tukigeuze? Hata hujakitazama mbele!

ZUHURA: Mbele yake itatulaghai. Shika upande huo, taratibu, tukilaze juu ya shuka. Sasa tazama. Unaona nini?

IDRISA: Mbao tatu nyembamba zimepigiliwa misumari. Zimekauka mpaka zimeachana, hapa katikati kidole changu cha mwisho kinapita. Rangi yake kahawia, karibu nyeusi. Na vumbi limeshikamana kama limepikwa.

ZUHURA: Hicho ndicho ninachokipenda. Mbao ikikaa miaka mingi huwa nyeusi yenyewe na hupungua, ndiyo hizo nyufa. Ungekuta plaiwudi au hadibodi mpya iliyobanwa kwa pini za stepla, tungeanza kuuliza maswali. Wapo wanaopaka mbao mpya kiwi ya viatu. Inusie, harufu itakwambia. Halafu pitisha kidole ndani ya ufa: mbao iliyopakwa juu, ndani bado ni nyeupe.

IDRISA: Ndani ni nyeusi vile vile. Lakini dada, hapa pa kuning'inizia pana skrubu za nyota. Si za kisasa hizi?

ZUHURA: Jicho lako zuri. Skrubu ya nyota ilipata hataza, yaani hati ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1936, ikaenea kuanzia hapo. Kwa hiyo aliyefunga hizi mbili alizifunga baada ya hapo. Usikimbilie kusema kioo ni cha bandia. Tafuta kama kuna matundu mengine.

IDRISA: Yapo! Manne, yamezibwa na vumbi, juu kidogo ya hizi skrubu.

ZUHURA: Basi ndoano ya kwanza iling'oka, mtu akafunga nyingine. Kitu kilichotumika lazima kiwe na viraka. Mimi kioo kisicho na alama hata moja ya kutengenezwa ndicho kinachonitia wasiwasi. Chungulia kwenye ufa, mgongo wa kioo una rangi gani?

IDRISA: Subiri niwashe tochi ya simu... Kama wekundu wa kutu, umepakwa kitu.

ZUHURA: Vizuri, hiki kimetiwa fedha, halafu juu ya fedha pakapakwa rangi ya kuikinga. Nieleze kidogo, maana inahusu afya zenu. Zamani sana, tangu enzi za mafundi wa Venice, walitandaza karatasi nyembamba ya bati, wakamwagia zebaki, ile madini ya majimaji yenye sumu, wakalaza kioo juu yake. Mwaka 1835 mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, akagundua njia ya kukitia kioo fedha halisi bila zebaki. Ikachukua miongo kadhaa kuenea, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 ile ya zebaki ikawa imeachwa.

IDRISA: Na mtu akikutana na cha zebaki atakijuaje?

ZUHURA: Mgongo wake haupakwi rangi. Unauona kijivu kinachometameta kama chumvi ya mawe, na kwa mbele madoa yake yana vinukta vinavyong'aa. Kikiwa kizima ukutani hakina neno. Ila usikikwangue, usikilaze chali, usikiweke chumba kisicho na hewa. Na ukiona chini ya fremu vitone vya rangi ya fedha vinaviringika, hiyo ni zebaki inadondoka. Usifagie, ufagio unaitawanya. Fungua madirisha, toa watoto, tafuta watu wanaojua kuizoa.

IDRISA: Hata kidole usiguse.

ZUHURA: Hata kidole. Haya, kisimamishe sasa, tukione uso.

IDRISA: Bismillahi. Hapo.

ZUHURA: Niazime kalamu. Naigusisha ncha kwenye kioo. Unaona nafasi kati ya ncha hii na ile ya ndani? Fedha iko nyuma, kwa hiyo nafasi hiyo inatokana na unene wa kioo. Hapa ni ndogo, kioo chembamba. Vioo vidogo vya zamani mara nyingi ni hivyo, ila usihukumu kwa hilo peke yake, vipo vya kale vinene sana. Sasa weka karatasi nyeupe mbele yake.

IDRISA: Ya ndani imepauka. Kama ina umanjano.

ZUHURA: Kioo kipya kingekurudishia weupe ule ule. Kisha sogeza kichwa kushoto na kulia, polepole, ukitazama ule mstari wa mlango nyuma yako.

IDRISA: Unacheza! Unapinda kama uko majini.

ZUHURA: Vioo vya madirisha na kabati unavyonunua leo vinatoka kwenye njia ya kuelea: kioo kilichoyeyuka kinatandazwa juu ya bati lililoyeyuka, kinatoka sawasawa kama maji yaliyotulia. Kampuni ya Pilkington ya Uingereza ndiyo iliyoileta, miaka ya 1950. Kwa hiyo mawimbi haya, pamoja na mgongo tuliouona, yananiambia kioo hiki hakikutoka kwenye njia hiyo. Na tazama weusi wake umeanzia wapi.

IDRISA: Chini, na pembe hii ya kulia. Katikati pasafi.

ZUHURA: Unyevu hukaa chini ya fremu, huingilia kingoni. Ndivyo kioo kinavyozeeka. Siku hizi kuna vioo vipya vinavyochomwa kwa tindikali ili vionekane vya kale. Hivyo madoa yake yametawanyika kila mahali kwa kipimo kimoja, kama kitambaa cha duka. Kama unakipenda kinunue, lakini kwa bei ya kipya.

IDRISA: Mimi sasa nimeridhika nacho. Tatizo langu ni pa kukiweka. Nilifikiria ukutani juu ya kochi.

ZUHURA: Kitakuwa kinatazama nini?

IDRISA: Mbele ya kochi... runinga. Na mlango wa jikoni.

ZUHURA: Basi utakuwa na runinga mbili na masufuria mara mbili. Watu wanaanza na ukuta ulio wazi, wanaujaza. Mimi naanza na kitu ninachotaka kukiona tena. Dirisha la uwani, mlango wenye nakshi, mmea, taa nzuri. Mwambie mtu akushikie kioo pale unapopafikiria, wewe kakae kwenye kiti unachokaa kila siku. Usisimame, kaa. Kile utakachokiona ukiwa umekaa ndicho utakachoishi nacho.

IDRISA: Dirisha la uwani liko ukumbini kwetu. Ukumbi wenyewe una giza mchana kutwa.

ZUHURA: Nyumba zetu za mawe ndivyo zilivyo, kuta nene, mwanga unaingia kutoka uwani. Kioo mkabala na dirisha lile kitauvuta mpaka ndani. Ila jua la moja kwa moja lisikipige, litaikausha fremu. Na kama mnasali ukumbini, kisiwe upande wa kibla, wengi hawapendi kusali wakijiona.

IDRISA: Hilo hata bibi alikuwa akilisema.

ZUHURA: Na wazee wetu walijua kuvipanga. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza vyumba vya watu wenye uwezo Unguja. Ukutani kulikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zenye rafu, zimepangwa vyombo vya kauri na bilauri. Zile sehemu nyembamba za ukuta zilizobaki kati yake ndizo zilizowekwa vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya, vinafika mpaka darini. Na juu ya vioo, au pembeni yake, wakaweka saa.

IDRISA: Kwa hiyo kioo hakikuwekwa ukuta mkubwa.

ZUHURA: Kiliwekwa pembamba, katikati ya vitu vizuri. Kikawa kinavirudia. Mimi nimeiga kwangu, kioo kimoja chembamba kati ya rafu mbili za vyungu na sahani za bibi zangu, na ninakiri sijawahi kukichoka. Wewe unazo zidaka?

IDRISA: Mbili, tumezijaza chaja na funguo.

ZUHURA: Ziondoe leo leo! Weka sahani.

IDRISA: Inshallah. Kuna msikilizaji wa Dar aliandika: hana hela ya kioo cha nakshi, na anaishi fleti. Aanzie wapi?

ZUHURA: Atafute milango ya makabati ya nguo ya zamani, na dresingi tebo zile za vioo vitatu vinavyokunjwa. Kabati limeoza, limeliwa na mchwa, watu wanalitupa na kioo chake kizima, kingo zimesagwa mshazari kwa ustadi. Au vile vya duara vya miaka ya 1930, visivyo na fremu kabisa. Kwenye fleti yenye kuta tupu, kimoja cha duara kinapendeza kuliko fremu yenye maua mengi. Ila asikiweke bafuni. Mvuke utakimaliza.

IDRISA: Na ukutani kinakaaje? Kuta zetu za chokaa, ukipiga msumari unaondoka na kiganja cha plasta.

ZUHURA: Msumari hapana. Toboa mpaka ufikie jiwe, tia plagi ndefu na skrubu mbili, usitegemee moja. Kamba ya zamani iliyokuja na kioo iondoe, hata ikionekana nzima. Pima uzito: kioo cha milimita 4, kila mita moja ya mraba ni kilo 10, fremu bado. Na nyuma, pembe za chini, bandika vijiti viwili vya mbao ili hewa ipite kati ya kioo na ukuta. Kuta za mawe na chokaa zinapandisha unyevu, na unyevu ndio ulioanza kukila hiki.

IDRISA: Kusafisha?

ZUHURA: Kitambaa kikavu. Uchafu ukizidi, kitambaa kilicholowa maji kidogo, kimekamuliwa. Usinyunyize dawa juu ya kioo, itateremka mpaka ukingoni na kuingia nyuma. Fremu ya dhahabu usiipitishe maji hata siku moja.

IDRISA: Na huu weusi wa chini, niuache?

ZUHURA: Unataka kuuondoa?

IDRISA: Hapana. Kesho kabla ya kwenda kulipa nitampitishia bibi akione. Akikikataa nakirudisha.

ZUHURA: Mwekee karibu na dirisha. Macho yake siku hizi yanataka mwanga.