Lancia: Timu Iliyoisaka Safari Rally kwa Miaka Mingi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Ikitajwa timu ya Italia ya mbio za magari, wengi wetu tunaikimbilia Ferrari, na hatukosei. Lakini jioni hii nimekuja na Lancia, timu iliyotwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mara 10, na bado Kenya ikaisumbua miaka nenda rudi.

Kampuni yenyewe ilianzishwa Turin mwaka 1906 na Vincenzo Lancia, dereva wa mashindano. Timu ya rali ilijengwa na Cesare Fiorio miaka ya 1960. Fiat iliponunua kampuni mwaka 1969, Lancia ilikuwa imezama kwenye madeni. Kilichompa Fiorio nguvu ya kuwakabili mabosi wapya ni ushindi wa dereva Sandro Munari katika rali ya Monte Carlo mwaka 1972, akiwa na Fulvia, kigari kidogo kinachovutwa na magurudumu ya mbele.

Baada ya hapo ikaja Stratos. Ile haikuwa gari la kwenda nalo sokoni. Ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya rali: fupi, pana, injini ya Ferrari Dino ya silinda sita mgongoni mwa dereva. Ikaleta ubingwa wa 1974, 1975 na 1976.

Sasa njooni Kenya. Safari Rally ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita wakati wa Pasaka, msimu wa masika. Asubuhi unakula vumbi, jioni umezama kwenye matope hadi milangoni. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda na Mitsubishi yake, Munari akawa wa tatu na Fulvia. Mwaka 1975 wakaja na Stratos. Munari akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu. Aliyewatangulia ni Ove Andersson, ndani ya Peugeot 504. Naomba mlitafakari hilo: Peugeot 504, gari lililokuwa likibeba abiria na mizigo kwenye barabara zetu! Mwaka 1977 Munari akarudi tena, akaambulia nafasi ya tatu.

Mwaka 1983 Lancia 037, inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, iliishinda Audi Quattro ya magurudumu manne na kutwaa ubingwa. Kwangu mimi huo ndio ushindi wa akili kuliko wote wa timu hii. Lakini magari ya kundi lile, Kundi B, daraja la magari ya rali yenye nguvu kubwa mno, yalikuwa yameshavuka uwezo wa binadamu. Tarehe 2 Mei 1985 dereva Attilio Bettega alifariki kwenye rali ya kisiwa cha Corsica akiendesha 037. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, kwenye rali ileile, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto waliungua ndani ya Delta S4, gari jingine la Lancia la Kundi B. Toivonen alikuwa na miaka 29. Kila ninapofika hapa sauti hunipungua, mtanisamehe.

Kundi B likapigwa marufuku. Kuanzia 1987 timu zililazimika kutumia magari yanayotokana na yale yanayouzwa madukani kwa maelfu. Lancia ikachukua Delta ya kawaida, gari la familia lenye milango mitano, ikaliwekea turbo na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Na ni kwa gari hilo ndipo mlango wa Safari ulipofunguka: mwaka 1988 Miki Biasion na mwelekezi wake Tiziano Siviero walishinda. Wakarudia 1989. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Juha Kankkunen.

Mimi siamini kuwa ni bahati. Stratos ilitengenezwa na watu waliotafuta mwendo kwanza. Delta ilianza kama gari la kupeleka watoto shule, kisha mafundi wakaikaza mwili, wakaifunga vyuma vya kuzuia wanyama mbele na bomba la hewa kando ya kioo ili injini isinywe maji mtoni. Jibu ambalo 504 iliwaonyesha mwaka 1975, kwamba Safari inataka gari la kawaida lililo imara, Lancia ililipata baada ya sheria kuilazimisha.

Kiwanda kilijiondoa mwishoni mwa 1991. Msimu wa 1992 timu ya Jolly Club iliendesha Delta, ikaleta ubingwa wa kumi, wa sita mfululizo.