Maji ya Kuoshea Bakuli

MWANAIDI: Haya, mliokuwa mnauliza nimepotelea wapi wiki hii, nilikuwa seshini.

KOMBO: Mafungo ya kimya ya Wabudha wa Zen. Mwanaidi huyuhuyu mnayemjua!

MWANAIDI: Cheka tu. Mnakaa zazeni, yaani kutafakari mmeketi, macho nusu wazi, unahesabu pumzi moja hadi kumi. Mawazo yakikuchukua, unarudi moja.

KOMBO: Kumi uliiona?

MWANAIDI: Kwenye tatu nikakumbuka maikrofoni yangu uliyoazima.

KOMBO: Tusifike huko, dada. Tumeahidi mafunzo matano. La kwanza?

MWANAIDI: Chakula. Namna ya kula inaitwa orioki. Una bakuli zako zinazoingiana, zimefungwa kwenye kitambaa. Kabla ya kula mnaimba sala.

KOMBO: Kimya gani hicho cha kuimba?

MWANAIDI: Kimya ni cha porojo, kaka. Mgawaji anakuja, mnainamiana, anapakua. Ukitosheka unainua mkono kidogo. Usipoinua, anaendelea. Jirani yangu alisinzia, uji ukapanda mpaka ukingoni, na wote tunatazama mbele kama hatuoni.

KOMBO: Maskini!

MWANAIDI: Na huachi chembe. Mwishoni unamiminiwa maji ya moto, unasugua bakuli kubwa, unayahamishia la pili, kisha la tatu. Kuna wanaosugulia kipande cha achari ya figili. Halafu unayanywa.

KOMBO: Unayanywa nini?

MWANAIDI: Hayo maji. Yanayobaki yanakusanywa, yanamwagiwa mimea.

KOMBO: Mimea inapewa yanayobaki, wewe unapewa ya mwanzo! Na achari?

MWANAIDI: Unaila.

KOMBO: Yaani umekula dodoki!

MWANAIDI: Kombo, mtawa Dogen aliyeanzisha monasteri ya Eiheiji kule Japani mwaka 1244 aliandika mwongozo mzima wa namna ya kula. Hawa watu hawakubuni jana.

KOMBO: Ukongwe haufanyi maji yawe masafi. Kitambaa ukunje hivi, kijiko ukishike vile, sasa kunywa. Hiyo ni kambi ya jeshi.

MWANAIDI: Sivyo. Ubao ukigongwa unakwenda, kengele ikilia unakaa. Huamui chochote. Sijawahi kupumzika kichwa namna ile.

KOMBO: Mfungwa naye haamui.

MWANAIDI: Mfungwa hakujiandikisha.

KOMBO: Ulijiandikisha kukaa. Maji ulikuja kuyakuta huko. Ungemwambia nani huyataki, na kusema hakuruhusiwi?

MWANAIDI: Mwalimu unaonana naye faragha, mnazungumza.

KOMBO: Kuhusu maji?

MWANAIDI: Kuhusu mazoezi yako.

KOMBO: Aa! Umeona?

MWANAIDI: Nimeona unavyopenda kushinda. Hata fimbo ya kupigwa begani, kule nilikokuwa unaiomba mwenyewe kwa kuunganisha viganja.

KOMBO: Na zipo kumbi ambako hawasubiri uombe. Zipo au hazipo?

MWANAIDI: Zipo. Fimbo yenyewe ni ya kumwamsha anayesinzia.

KOMBO: Mtu mzima akichoka si alale?

MWANAIDI: Akalale kwake! Kwako kila utaratibu ni uonevu. Mimi nasema usipojifunga kwa kitu, hujui hata ni nini kinachokuvuta.

KOMBO: Na mimi nasema aliyezoea kutii bila kuuliza, atatii popote.

MWANAIDI: Basi.

KOMBO: Basi nini? Umekubali?

MWANAIDI: Ng'o. Nakuhesabia pumzi.

KOMBO: Fundi wetu wa sauti anatuonyesha saa. Mafunzo manne yamebaki!

MWANAIDI: La pili haraka: magoti. Panda juu ya mto wa kukalia mpaka nyonga zizidi magoti, goti liguse chini, la sivyo mgongo...

KOMBO: Mgongo wiki ijayo. Tuandikieni kama mngeila ile achari.

MWANAIDI: Usiwalishe maneno, waulize kuhusu...

KOMBO: Kwaherini!