Uzi wa Whinfield na sketi ya marinda

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Bakari. Leo nimekuja na sketi yangu ya shule, ya marinda. Mama aliitunza sandukuni miaka yote hii. Imefuliwa mara ngapi sijui, lakini tazama marinda yake: yamesimama utadhani imetoka kupigwa pasi asubuhi.

BAKARI: Hebu niishike. Hii tetroni, dada. Wengine waliita terilini, siku hizi watu wanasema poliesta. Na mtu tunayemzungumzia leo ndiye chanzo cha uzi huu: John Rex Whinfield, mkemia wa polima, Mwingereza.

ZUHURA: Tuanze na hiyo polima, kwa ambaye hajawahi kuisikia.

BAKARI: Chukua shanga. Moja ni molekuli ndogo. Zitunge nyingi mno kwenye uzi mmoja, ule mkufu mrefu ndio polima. Pamba ni polima, hariri ni polima, hizo tumezikuta. Whinfield alitaka kutunga mkufu wake mwenyewe.

ZUHURA: Alianzia wapi?

BAKARI: Alizaliwa 1901 huko Sutton, kusini mwa London, akasoma sayansi na kemia Cambridge. Alipomaliza akaenda kwenye maabara ya Cross na Bevan jijini London, wale waliopata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya rayoni ya viskosi, uzi unaotokana na miti, mwaka 1892. Akafanya kazi pale mwaka mzima bila mshahara.

ZUHURA: Mwaka mzima! Na digrii ya Cambridge mkononi.

BAKARI: Alikuwa anatafuta nyuzi, na mabingwa wa nyuzi walikuwa pale. Hapo ndipo mimi nilipompenda. Mwaka 1924 akaajiriwa na Calico Printers' Association, kampuni ya kupiga chapa vitambaa. Kazi yao ilikuwa rangi na maua juu ya pamba. Hakuna aliyetegemea uzi mpya utoke kwao.

ZUHURA: Wakati huo wengine walikuwa wanafanya nini?

BAKARI: Marekani kulikuwa na Wallace Carothers, mkemia wa kampuni ya kemikali ya DuPont, kichwa hasa. Alishajaribu poliesta, lakini zake ziliyeyuka kwa joto dogo tu. Shati la namna hiyo ukilipiga pasi, umelipoteza. Akaziweka kando, akageukia njia nyingine, akapata nailoni. Carothers akafariki 1937. Whinfield alizisoma kazi zake, akabaki na swali moja: zile poliesta ziliyeyuka upesi kwa sababu gani?

ZUHURA: Wengine waliona mlango umeshafungwa.

BAKARI: Yeye akaangalia umbo la molekuli. Carothers alitumia asidi ambazo molekuli zake ni legelege, kama kamba iliyolowa. Whinfield akafikiria pete ya benzini, atomi sita za kaboni zilizoshikana duara: ngumu, bapa, ukiipa mikono miwili ya kushikia jirani. Mikono hiyo ikiwa upande mmoja, kama kwenye asidi ya ftaliki, mnyororo unapinda kila kiungo. Ikiwa mmoja huku na mwingine kule, inatazamana, mnyororo unanyooka. Hiyo ndiyo asidi ya tereftaliki.

ZUHURA: Kama mzigo wa kuni! Kuni zilizonyooka zinalala pamoja, unafunga zinakaza. Zilizopinda zinaacha matundu, mzigo unalegea njiani.

BAKARI: Ndivyo ilivyo, dada. Minyororo ikilala sambamba inashikana, na joto linapata taabu kuitenganisha. Poliesta hii haiyeyuki mpaka kama nyuzijoto 260. Mwaka 1941, mjini Accrington, Lancashire, Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto, yeye na mwenzake James Tennant Dickson wakachanganya asidi hiyo na ethilini glikoli, kemikali ile inayochanganywa na maji ya rejeta. Kilichotoka mara ya kwanza hakikupendeza hata kidogo, rangi yake chafu. Lakini kilivutika kuwa uzi.

ZUHURA: Kinavutika vipi?

BAKARI: Kikiwa cha moto ni kama asali nzito. Unachovya kijiti, unainua, uzi unafuata. Ukipoa, unaushika ncha mbili na kuuvuta tena. Unarefuka mara kadhaa, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyozidi nguvu, maana unailaza ile minyororo ielekee upande mmoja.

ZUHURA: Mwili umenisisimka.

BAKARI: Wakaomba hataza Julai 1941. Vita ikafanya iwe siri kwa miaka, na Whinfield mwenyewe akachukuliwa Wizara ya Ugavi. Baadaye ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza, ikauchukua uzi, ikauita Terylene, na yeye akajiunga nao 1947. DuPont, waliokuwa na Carothers nyumbani kwao, ikabidi wanunue haki ya kuutengeneza Marekani. Wakauita Dacron.

ZUHURA: Na tetroni yetu?

BAKARI: Wajapani, Teijin na Toray. Walipata leseni kwa ICI, wakauza kwa jina la Tetron. Jina hilo ndilo lililotua kwa mafundi cherehani wetu.

ZUHURA: Sasa nieleze marinda, maana hilo ndilo lililonileta.

BAKARI: Ukikunja kitambaa hiki na kukibana kwenye joto kali, minyororo inalegea kidogo na kujipanga upya kwenye mkunjo. Kikipoa imeshajifunga hivyo. Maji ya kufulia hayafikii joto lile, kwa hiyo hayaufungui. Pamba inategemea wanga na pasi, kila wiki unaanza upya.

ZUHURA: Mama alikuwa na watoto sita wa shule. Hiyo ni kazi ya Jumapili nzima aliyopunguziwa.

BAKARI: Whinfield alipewa nishani ya heshima ya Uingereza, CBE, mwaka 1954, akafariki 1966. Chupa za maji zilizojaa madukani hakuziona. Hataza ya chupa hiyo ilipatikana 1973, Nathaniel Wyeth wa DuPont, na ni polima ileile. Mimina chai ya moto kwenye chupa ya maji uone inavyosinyaa: ni minyororo iliyovutwa inajirudi.

ZUHURA: Ngoja, Bakari. Chupa zile zinazoziba mitaro yetu ndizo sketi hii?

BAKARI: Ndizo. Na zinageuzika. Zinaoshwa, zinasagwa vipande, zinayeyushwa, zinavutwa kuwa uzi.

ZUHURA: Basi ile chupa yako hapo mezani usiitupe. Naondoka nayo.