Seli Zikivuta Hewa: Kupima Sumu ya Mapafu bila Panya

Mabibi na mabwana, kipimo cha kawaida mnakijua. Panya hubanwa kwenye mrija, pua tu ikitokeza penye hewa yenye sumu, kwa saa 4. Kisha huangaliwa siku 14 ijulikane wangapi wamekufa. Panya huvuta hewa kwa pua peke yake, na pua yake ina mizunguko mingi kuliko yetu, kwa hiyo chembe nyingi hunaswa humo. Anateseka, na jibu analotupa bado ni la panya.

Sisi tunapanda seli za mirija ya hewa ya binadamu juu ya utando wenye vitundu vya mikromita 0.4, ndani ya kikombe kinachoning'inia kwenye sahani. Mwanzoni zinapewa kiowevu cha lishe juu na chini. Zikishashikana, nyonya cha juu, bakiza cha chini: juu hewa, chini lishe, kama kifuani. Kisha subirini wiki 3 hadi 4, na tafadhali msizipunguze. Zikikomaa, kwenye hadubini mtaona silia, yaani vinyweleo vidogo vya seli, zikipiga na ute ukizunguka taratibu kikombeni. Ute huo uoshwe kabla ya kipimo, vikombe vyote kwa namna moja; ukirundikana huikinga seli, na sumu kali itaonekana salama.

Uimara wa tabaka hupimwa kwa ukinzani wa umeme. Tuseme kikombe kinasoma omu 500, na kitupu kisicho na seli omu 120. Toa, ubaki na 380, kisha zidisha kwa eneo la utando, sentimita mraba 1.12: takriban omu-sentimita mraba 426. Wengi hugawanya hapo, na hesabu yote inaharibika. Joto nalo hubadilisha usomaji, basi sahani iliyotoka inkubeta, kasha la joto la kukuzia seli, ipoe kwanza.

Wakati wa kupuliza sumu, adui mkubwa ni ukavu. Hewa isipokuwa na unyevu wa kutosha huua seli yenyewe, sumu ikasingiziwa. Ndiyo maana lazima kuwe na vikombe vinavyopulizwa hewa safi tu. Tena pimeni kiasi kilichotua juu ya seli, si kilichomo hewani pekee.

Njia hii imeshafika mezani kwa wadhibiti. Mwaka 2018 jopo la washauri wa kisayansi wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, lilijadili kupima klorothalonili, dawa ya kuua ukungu wa mimea, kwa seli za binadamu, pamoja na hesabu za kompyuta za mahali chembe zinapotua. Klorothalonili huunguza pale inapogusa, ndiyo maana ilifaa. Sumu inayopita mapafuni na kwenda kuharibu ini, kikombe hiki peke yake hakitaiona.