Karani Aliyeandika Kweli

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa fasihi, Mtwara mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi, asanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na gunia. Nilipomaliza kidato cha nne, kabla sijaenda chuo cha ualimu, nilipata ukarani wa muda kwenye ghala la korosho la kijiji kimoja huko Newala. Mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza, imefungwa kwenye boriti. Siku moja akaja bibi mmoja na gunia lake. Mpimaji akalitundika, akasogea karibu kana kwamba analizuia lisiyumbe, goti lake likawa chini ya gunia. Nililiona lile goti. Mshale ukatulia kwenye 61. Mpimaji akatamka, nami nikaandika. Bibi akamwacha mpimaji, akanigeukia mimi mwenye daftari: "Mjukuu wangu, ni sitini na moja kweli?" Nikamjibu, "Ndiyo bibi, ndivyo mizani inavyosema."

Jibu langu halikuwa na uongo ndani yake. Mizani ilisema 61, na daftari likasema 61. Bibi akachukua stakabadhi yake akaondoka. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na kila ninapomfundisha Nick Carraway, goti lile linarudi.

Wengi wenu mmesoma The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925. Kwa ambao bado: Nick ni kijana aliyepigana vita, anakwenda New York mwaka 1922 kujifunza biashara ya hatifungani, anapanga kijumba kwa dola 80 kwa mwezi. Jirani yake ni Gatsby, tajiri wa karamu kubwa na fedha za magendo. Ng'ambo ya maji anaishi Daisy, ndugu wa mbali wa Nick, pamoja na mumewe Tom. Gatsby alimpenda Daisy zamani na anamtaka tena. Tom naye ana hawara, Myrtle, mke wa mwenye gereji. Mwishowe Myrtle anagongwa na gari la Gatsby anakufa; mumewe, akidhani Gatsby ndiye aliyeendesha, anampiga risasi, kisha anajiua. Yote hayo tunayapata kwa Nick peke yake. Hakuna karani wa pili.

Sasa, karani huyu anajisifu. Mwishoni mwa sura ya tatu anasema yeye ni mmoja wa watu wachache wakweli aliowahi kuwajua. Naomba mfungue ukurasa huo muone sentensi zinazotangulia sifa hiyo. Amevutiwa na Jordan, msichana mcheza gofu, lakini anakumbuka kwamba kila wiki anamwandikia barua msichana mwingine wa kwao, na chini ya barua anaweka neno la mapenzi. Akimfikiria huyo msichana, kinachomjia ni jasho linalomtoka juu ya mdomo akicheza tenisi. Hizo ndizo sentensi za kabla. Mistari michache tu mbele inakuja ile ya ukweli wake.

Wapo wasomaji wanaoishia hapo: kijana mnafiki, tufunge kitabu. Mimi nakataa. Mnafiki angezificha zile barua. Nani alimlazimisha Nick kututajia jasho la yule binti?

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha aliyoandikia Fitzgerald. Kule wana neno moja, honest. Sisi anayetafsiri riwaya hii lazima achague: Nick ni mkweli, au ni mwaminifu? Mkweli hutazamwa kwa maneno yake. Mwaminifu hutazamwa kwa amana aliyokabidhiwa, kwamba ameitunza au ameila. Nilipokuwa pale ghalani nilikuwa mkweli. Uaminifu sikuwa nao, kwa sababu amana ya bibi yule ilikuwa mikononi mwangu na si mikononi mwa mizani.

Mpimeni Nick hivyo. Tom anampeleka kwa hawara wake. Nick anakunywa nao, anamwona Tom akimvunja pua yule mwanamke kwa kofi, na Daisy, ndugu yake, hamwambii kitu. Baadaye Gatsby anataka kukutana na Daisy, na Nick anakubali wakutane nyumbani kwake. Anampigia Daisy simu amwalike chai, anamwonya asije na Tom. Kazi hiyo kwetu ina jina, nalo ni ukuwadi. Pande zote mbili za ndoa ile zina siri, na siri zote mbili zimewekwa kwa Nick. Huku ukurasa wa kwanza ametuambia kwamba, kwa wasia wa baba yake, ana tabia ya kutohukumu watu upesi. Naam, watu humletea siri zao kwa sababu hahukumu. Ila mimi naona kutohukumu huko ndiko kulikomfikisha mahali pabaya. Aliyeamua kutosema lolote juu ya goti hawezi kushangaa gunia likipungua.

Tufike kwenye ajali, maana ndipo penye uzito. Usiku ule ule Nick anajua kwamba aliyeshika usukani alikuwa Daisy. Gatsby mwenyewe anamwambia, na anaongeza kwamba atasema ni yeye aliyekuwa akiendesha. Kesho yake Gatsby ameuawa. Kwenye uchunguzi wa vifo, dada wa marehemu Myrtle anaapa kwamba dada yake hakuwahi kumwona Gatsby na aliishi kwa raha na mumewe. Ni uongo wa kiapo. Nick anasema nini juu ya uongo huo? Anamsifu yule dada kwa uthabiti wake. Kesi inafungwa: mume alirukwa na akili kwa huzuni, basi. Jina la Daisy halimo.

Najua baadhi yenu mtasema: mwalimu, huyo ni ndugu yake, na ndugu husitiriwa. Ni hoja nzito, nami siidharau. Kusitiri ni wema mkubwa kwetu. Lakini sitara hii imekatwa kwenye sanda ya mtu mwingine. Daisy amefunikwa, na Gatsby amezikwa akiwa na damu ya Myrtle mikononi. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule ule Nick anakutana na Tom barabarani, na Tom anasema Gatsby alimgonga yule mwanamke kama anayegonga mbwa, wala hakusimama. Nick anatuambia hakuwa na la kujibu, isipokuwa jambo moja lisilotamkika: kwamba hiyo si kweli. Kisha anampa Tom mkono.

Ndivyo mizani inavyosema, bibi.

Mazishi nitayapitia haraka, ingawa yananiuma. Mamia walikula kwa Gatsby, makaburini wanafika wachache: baba yake, Nick, watumishi, na bwana mmoja wa miwani mikubwa aliyechelewa. Huyo bwana anafuta miwani yake na kutamka neno moja juu ya marehemu, la matusi na la huruma kwa pamoja. Wanafunzi wangu wa huku Kusini hawahitaji maelezo hapo. Wanasema: mtani amefika.

Sasa, kwa nini bado namtetea Nick? Kwa sababu ameandika. Hakumwambia Tom, hakuiambia sheria, akarudi kwao. Lakini baada ya miaka 2 anakaa chini na kuandika yote: simu ya chai, kofi, usukani, mkono aliompa Tom. Hakuna mtu mwingine aliyeyajua mambo hayo yote kwa pamoja. Angekaa kimya yangeisha. Sifa yake ya sura ya tatu siiamini. Naliamini daftari lake, kwa sababu ameliacha wazi mahali panapomshtaki, na Jordan mwenyewe anamwambia usoni kwamba alimdhania mkweli akakosea. Nick angeweza kulifuta neno hilo. Amelibakiza.

Kuna kitu kimoja alichofuta kweli, na kwa hicho nitaishia. Usiku wa mwisho anakwenda kuitazama nyumba ya Gatsby, tupu. Kwenye ngazi nyeupe mtoto fulani ameandika neno chafu kwa kipande cha tofali, linaonekana wazi kwenye mbalamwezi. Nick analifuta kwa kiatu, anakikwaruza juu ya jiwe. Neno lenyewe hatuambii. Anatuambia tu kwamba lilikuwapo, na kwamba kiatu kilikuwa chake.