Pombe Huharibikia Kwenye Chombo

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Nimekuja na ndoo mbili, kitambaa cha kuchujia, kipande cha mpira mwembamba na unga wa kimea. Hiyo ndiyo mitambo yangu yote. Leo nitazungumzia vyombo kuliko pombe yenyewe, maana kwa miaka niliyopika nimeona pombe nzuri nyingi zikiharibikia kwenye chombo, mpishi akalaumiwa bure.

Mimi nimezaliwa huku huku Kilimanjaro. Nyumbani kwetu mahari haikuzungumzwa bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na waliogombana walipatanishwa kwa mbege. Bibi alichemsha ndizi mbivu mpaka zikageuka rangi ya udongo mwekundu, akaziacha siku kadhaa zichachuke, akachuja. Kisha akapika uji wa kimea cha ulezi, ule tunaouita mso, ukapoa, akachanganya. Kesho yake ilikuwa tayari. Uchungu ulitokana na gome la msesewe. Kipimajoto hakukijua, ila mkono wake ulijua.

Naomba mama wa mbele hapa anisaidie kushika bakuli hili. Huu ni uji mzito wa ulezi, mwiko unasimama. Umepoa kiasi kwamba kidole kinaingia lakini hakikai. Natia konzi moja ya unga wa kimea, nakoroga. Tuendelee kuongea, tutaurudia.

Kimea ni ulezi ulioloweshwa usiku mmoja, ukafunikwa kwa majani ya mgomba siku mbili tatu mpaka ukachipua, kisha ukaanikwa na kusagwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya, na kazi yake ni kuvunja wanga uwe sukari. Hamira haili wanga, inakula sukari. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na vikichemshwa vinakufa. Huna kipimajoto? Changanya vikombe 3 vya maji yanayotokota na vikombe 2 vya maji ya mtungini. Utakuwa karibu kabisa na nyuzi hizo.

Haya mama, koroga. Mnaona? Mwiko umelala. Uji umekuwa mwepesi kama maziwa, wala hatujaongeza tone la maji. Onja. Ni mtamu, na sukari hatukutia. Kila nikiliona hili moyo wangu unafurahi kama mara ya kwanza.

Sasa vyombo. Pombe inapochachuka inakuwa na asidi, na asidi inakula bati. Nilipoanza kujitegemea nilinunua ndoo ya bati inayong'aa, nikaona nimepata. Siku ya tatu pombe ilikuwa na ladha ya msumari, na wageni wawili wakatapika. Ile rangi ya kung'aa ni zinki, na zinki ilikuwa imeyeyukia kwenye pombe. Niliumia sana, kwa sababu walikuwa wageni wangu. Tangu hapo bati kwangu ni la kuchotea maji tu.

Plastiki inafaa, lakini ulizeni ilibeba nini kabla. Pipa la bluu la sokoni lililowahi kubeba dawa za mashamba halisafishiki, hata ulisugue mwezi mzima, kwa sababu dawa imeshaingia ndani ya plastiki yenyewe. Chukueni lililobeba mafuta ya kula au asali. Na msilisugue kwa steelwool. Kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria. Osha kwa kitambaa laini na sabuni, suuza, kisha mwagia maji yanayochemka.

Nafaka nayo ina lake. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba. Wengi waliamini imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha sumu ya bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, aliyeota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo nafaka ikiota ukungu, au unga ukinuka uvundo, mwaga. Usiseme si ya kula, nitapikia pombe. Kauli hiyo naisikia kila msimu wa mvua, na inanitisha.

Mwisho ni huu mpira. Mbege inanyweka ingali inachachuka, hivyo kifuniko cha jani kinatosha. Ukitaka pombe ikae wiki mbili, lazima hewa itoke bila hewa ya nje kuingia, la sivyo inageuka siki. Ndoo ukiifunga kabisa nayo itapasuka. Mimi natoboa kifuniko tundu dogo, napitisha mpira, naziba pembeni kwa nta, na ncha ya pili naizamisha kwenye chupa ya maji. Viputo vinatoka, vumbi na inzi hawaingii.

Ndoo hii ya pili niliichanganya jana magharibi. Nyamazeni kidogo, wa nyuma sogeeni. Mnasikia kwenye chupa? Blu, blu. Tangu alfajiri haijanyamaza.